Ukungu wa Lupembe na Mpiga Picha wa Kujifurahisha: Achague Programu Gani?

Katika programu nyingi za kurekebisha picha kipo kitufe ambacho kazi yake ni kuondoa ukungu. Mtu aliyepiga picha yake asubuhi yenye utusitusi hukigusa, na papo hapo vilima hutokeza, miti hukolea rangi, na mbingu huonekana. Waliokibuni walikusudia wema. Hata hivyo, mwezi wa Julai 2025, katika mashamba ya chai ya Lupembe, mkoani Njombe, kitufe hicho kilimpotezea mpwa wangu picha ambayo naamini ilikuwa bora kuliko zote alizopata kuzipiga, na picha hiyo haitarudi tena.

Kijana huyo ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Utumishi katika idara moja ya Muungano umempeleka Njombe, naye alikwenda na kamera aliyoinunua kwa kudunduliza mshahara wake. Si mpiga picha wa kazi. Hapigi harusi wala hauzi picha za vitambulisho. Anapiga kwa kuwa anapenda, na siku za Jumamosi hupanda gari la abiria kwenda Lupembe.

Msomaji wa visiwani ambaye hajafika huko yafaa aelezwe kidogo. Treni ya TAZARA itokayo Dar es Salaam humteremsha msafiri Makambako, na kutoka hapo barabara kuu iendayo Songea humfikisha Njombe mjini, mahali palipoinuka karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Lupembe iko mashariki ya Njombe, upande ambao nyanda za juu zinakatika na kuteremka kuelekea bonde la Kilombero. Pepo zenye unyevu zitokazo baharini, yaani pepo hizi hizi zinazopita kwetu, hugonga miinuko hiyo, hupanda, hupoa, na kugeuka ukungu na manyunyu. Ndiyo sababu chai imestawi pale, ilhali chini kidogo, upande wa Madeke, watu wanalima mananasi. Asubuhi ya kipupwe mtu husimama kando ya shamba akaona mistari miwili au mitatu ya michai, na baada ya hapo ni weupe mtupu. Sauti za wachumaji husikika kabla wao wenyewe hawajaonekana.

Katika weupe huo mpwa wangu alikutana na mama mmoja mchumaji, anatokea na kapu lake mgongoni. Wakaamkiana kwa "kamwene" ya Kibena, ambayo kijana amekwisha kujifunza, na mama yule akakubali kupigwa picha kwa sharti kwamba apewe nakala ampelekee mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Kamera ilikuwa imewekwa ihifadhi picha kwa mtindo wa JPEG peke yake. Jioni kijana akaihamishia picha kwenye simu, akaifungua kwa programu iliyokuja na simu hiyo, akagusa kitufe cha kurekebisha kila kitu kwa mpigo mmoja, kisha kile cha kuondoa ukungu, kisha kile cha kulainisha uso. Akahifadhi. Programu ikaandika picha mpya mahali pa picha ya zamani. Kadi ya kamera alikuwa amekwisha kuifuta ili apate nafasi ya picha za kesho yake.

Jumamosi iliyofuata alimpelekea mama yule picha iliyochapishwa. Akaitazama, akauliza, "Huyu ni nani?" Akaambiwa, "Ni wewe, mama." Akaitazama tena, akacheka, akasema, "Mwanangu akiiona hii atauliza mama yake yuko wapi." Uso ulikuwa umepauka na kuwa wa rangi ya maji ya kunde, mikunjo ya umri na ya baridi imefutwa, na nyuma yake, mahali pa ukungu, palikuwa na miti iliyokwaruzika na mawingu ya rangi ya majivu ambayo siku ile hakuna mtu aliyeyaona.

Usiku huo alinipigia simu Unguja. "Mjomba, niambie ninunue programu gani." Yeye aliamini kwamba kosa limetokea kwa sababu programu aliyoitumia ni ya bure, na kwamba lau angelikuwa na ile ya fedha nyingi picha ingelisalimika. Nilimjibu kwamba ile ya fedha nyingi ingeweza kumfanyia hivyo hivyo. Lakini swali lake ni swali la wengi hapa visiwani, tangu kamera na simu zilipoenea kila nyumba, na nimeona nilijibu kwa urefu hapa badala ya kulimaliza kwenye simu.

Kurekebisha picha si mambo ya leo. Wazee wetu wanaokumbuka studio za Mji Mkongwe, za akina Gomes tangu karne ya 19, na ile ya Capital Art iliyofunguliwa mwaka 1930 na marehemu Ranchhod Oza na kuendelezwa na mwanawe Rohit, wanafahamu kwamba katika studio za zama zile picha ya mtu haikutoka chumba cha giza ikapewa mwenyewe hivi hivi. Fundi wa studio alikuwa na penseli iliyochongwa kama sindano, akaketi mbele ya negativu iliyomulikwa kwa nyuma, akajaza doa la ndui na kovu la utotoni. Baadaye wengine walipaka rangi kwa mkono juu ya picha nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo anayesema kwamba kurekebisha ni udanganyifu wa kompyuta hajui historia ya ufundi wenyewe.

Tofauti moja kubwa ipo. Baada ya fundi kumaliza, negativu ilibaki. Iliwekwa ndani ya bahasha, ikaandikwa namba, na miaka thelathini baadaye mjukuu aliweza kuja kudai nakala. Picha nyingi za Zanzibar ya zamani tunazoziona leo vitabuni na ukutani zimetufikia kwa sababu kuna mtu aliyetunza negativu na sahani za vioo. Mpwa wangu alichokifanya ni sawa na fundi aliyechapisha picha moja kisha akaitupa negativu jikoni motoni. Basi swali la kwanza la kuiuliza programu yoyote, kabla ya bei na kabla ya sifa zake, ni hili: ikimaliza kazi, inaniachia nini?

Negativu ya siku hizi ni faili ghafi, ambalo kamera nyingi huliita RAW. Picha ya JPEG ni chakula kilichokwisha pikwa ndani ya kamera: kamera yenyewe imeamua rangi, imeamua mwangaza, imetupa kile ilichoona hakihitajiki, na kwa kila rangi ya msingi imebakiza ngazi 256 tu za kutoka giza hadi mwanga. Faili ghafi la kamera yenye kuhesabu kwa biti 14 lina ngazi 16,384. Kwa picha ya mchana wenye jua la kawaida tofauti hiyo huenda isionekane. Katika ukungu inaonekana sana, kwa sababu ukungu wote unaishi ndani ya ngazi chache zilizobanana karibu na weupe. Ukizivuta ngazi chache za JPEG ili zitandae, zinapasuka na kufanya mistari na madoa. Yale mawingu ya majivu nyuma ya mama wa Lupembe yalizaliwa hivyo.

Na msomaji wa visiwani asidhani kwamba hayo ni matatizo ya watu wa baridi. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Hukisia kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni cha rangi ya kijivu cha wastani, na hurekebisha mwanga ili kiwe hivyo. Kikielekezwa kwenye ukungu, huupunguza mwanga mpaka ukungu uwe kijivu. Kikielekezwa kwenye mchanga wa Paje au Nungwi saa sita mchana, hufanya vivyo hivyo. Kikielekezwa kwa wanaume mia wenye kanzu nyeupe siku ya Idi, kanzu hutoka kama zimefuliwa kwa maji ya udongo, na nyuso zilizo juu ya kanzu hizo huzama gizani zisitambulike. Mpiga picha anayejua hilo huongeza mwanga kwa hatua moja au zaidi kabla hajabonyeza. Asiyejua huja kuitafuta programu imwokoe, na programu itamwokoa ikiwa tu amehifadhi faili ghafi.

Hapo kwenye nyuso ndipo penye jambo ambalo mimi linaniuma zaidi. Kwa miongo mingi ya karne ya 20 rangi za filamu na za uchapishaji zilipimwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi ambazo mafundi wa Marekani walizizoea kwa jina la Shirley. Rangi ya ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa, na watu wengine wote duniani walipokea kilichobakia. Mambo yamebadilika, lakini yamechelewa: mwaka 2021 ndipo kampuni ya Google ilipotangaza, pamoja na simu yake ya Pixel 6, utaratibu wa makusudi wa kutunza rangi halisi ya ngozi nyeusi, nayo Transsion, wenye simu za Tecno, walijipatia soko kubwa barani Afrika kwa kutengeneza kamera zinazoziona nyuso zetu. Pamoja na hayo, vitufe vingi vya kurembesha bado vinaelewa neno kurembesha kuwa ni kupausha. Anayechagua programu na aijaribu kwanza kwa picha ya mama yake mzazi. Kitufe cha kurekebisha kwa mpigo mmoja kikimgeuza mama kuwa mtu mwingine, ama programu hiyo iwekwe kando, ama kitufe hicho kisiguswe.

Sasa tuje kwenye programu zenyewe.

Photoshop ndiyo yenye jina. Ilianzishwa na ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll, na kampuni ya Adobe ikaitoa sokoni mwaka 1990. Ndugu yake Lightroom, iliyotoka mwaka 2007, ndiyo imefanywa makusudi kwa ajili ya mpiga picha mwenye mafaili ghafi mengi. Ubora wa programu hizi haupingwi. Tatizo ni namna ya kuzimiliki, kwa maana haziuzwi tena zikawa mali ya mnunuzi. Tangu mwaka 2013 Adobe iligeuza Photoshop kuwa kitu cha kupangisha, na mwaka 2017 ikatangaza kwamba haitatoa tena toleo jipya la Lightroom la kununua moja kwa moja. Mwenye nyumba anapopandisha kodi mpangaji hana la kufanya: mwezi wa Januari 2025 mpango wa picha wa dola 9.99 kwa mwezi ulifungwa kwa wateja wapya. Kodi hiyo hulipwa kwa kadi ya benki na kwa fedha za kigeni. Kila baada ya muda programu hutaka kuunganishwa na mtandao ili ihakikishe kwamba mpangaji bado ni halali, na vile vitufe vipya vya kubuni sehemu ya picha kwa akili bandia, vilivyoingia Photoshop mwaka 2023, hufanya kazi kwenye kompyuta za mbali, si kwenye kompyuta ya mwenye picha. Lupembe mtandao upo, ila haupo kila kilima na kila saa.

Nisije nikaidhulumu kampuni hiyo. Mpangaji akishindwa kulipa picha zake hazichukuliwi. Lightroom ya kompyuta humruhusu aendelee kuzitazama na kuzitoa. Chumba kinachofungwa ni kile cha kuzifanyia kazi. Lakini maofisa wetu wanaopanga vifaa vya ofisi wakumbuke kisa cha Venezuela. Mwezi wa Oktoba 2019 Adobe iliwatangazia wateja wake wa nchi hiyo kwamba akaunti zao zitafungwa kwa sababu ya amri ya vikwazo ya Rais wa Marekani. Kabla ya mwezi huo kwisha kibali kilipatikana na huduma ikaendelea, lakini kwa wiki kadhaa watu waliokuwa wamelipa fedha zao hawakujua kama watafungua kazi zao kesho.

Wapo watakaosema kwamba hapa kwetu hakuna anayelipa kodi hiyo, maana fundi wa mtaani anayo ile iliyovunjwa kufuli, na huiweka kwa bei ya sahani ya biriani. Ni kweli. Mpwa wangu naye alipitia huko kabla ya simu. Fundi mmoja alimwekea, na baada ya siku tisa kompyuta ikajaa virusi, ikabidi isafishwe yote. Tena ni wizi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kwa Tanzania Bara, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003 kwa Zanzibar, zinailinda programu ya kompyuta kama zinavyomlinda mtunzi wa kitabu au mwimbaji wa taarabu. Sisi tunaolalamika kwamba nyimbo za wasanii wetu zinadurufiwa mitaani bila malipo tuna haya gani ya kuwadurufu wengine?

Lakini ziko programu ambazo kitendo kile kile cha fundi, cha kumnakilia mteja kwenye flashi na kumpa, ni halali kabisa, kwa sababu leseni zake zinaruhusu kila mtu kuzitumia, kuzinakili, kuzigawa na hata kuzibadili. Hizi huitwa programu huria. GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Inafaa kwa kazi ya mkono: kufuta doa, kuunganisha, kuandika maneno juu ya picha. Kwa miaka mingi ilikuwa na ubaya kwamba kila hatua ilibadilisha picha yenyewe. Toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025 limeanza kuruhusu baadhi ya hatua ziondolewe baadaye bila kuigusa picha ya chini. Faili ghafi GIMP hailifungui peke yake, bali huliomba darktable au RawTherapee.

Na hizo mbili ndizo ninazotaka mpiga picha wa kujifurahisha mwenye kompyuta azifahamu. Darktable iliasisiwa na Johannes Hanika mwaka 2009. Haiandiki chochote ndani ya faili la asili. Kila unachoamua, mwangaza kiasi hiki, rangi kiasi hiki, hukiandika katika kijifaili kidogo cha maandishi kinachokaa kando ya picha, na maagizo hayo hutekelezwa pale tu unapotaka kutoa nakala ya kuchapisha. Ukijuta mwakani, unafuta maagizo, na picha inabaki kama ilivyotoka kwenye kamera. RawTherapee nayo hufanya hivyo hivyo. Kwa lugha ya studio, penseli haigusi negativu kamwe. Inachora juu ya karatasi ya kioo iliyowekwa mbele yake.

Zina kasoro, na si haki kuzificha. Darktable ina vitufe vingi kupita kiasi na hudai kompyuta yenye nguvu; kompyuta kuukuu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 itakoroma kama punda aliyezidiwa mzigo. RawTherapee ni nyepesi kidogo kuizoea lakini haina njia nzuri ya kupanga maelfu ya picha, na wengi huiongezea digiKam kwa kazi hiyo. Hakuna afisa wa mauzo wa kumpigia simu. Na lugha ya vitufe ni ya kigeni, jambo ambalo nitalirudia.

Kwa mwenye simu tu, Snapseed ya Google haidai malipo, na hufungua pia faili ghafi la mtindo wa DNG. Affinity, iliyokuwa ikiuzwa na Waingereza wa Serif kwa malipo ya mara moja, ilinunuliwa na Canva mwaka 2024, na mwishoni mwa Oktoba 2025 ikatangazwa kuwa bure kwa mwenye kufungua akaunti. Ni programu nzuri. Ila neno bure lina maana mbili, na anayekumbuka Picasa ananielewa. Google iliinunua Picasa mwaka 2004, ikaigawa bure, watu wakaweka humo picha za maisha yao, na mwezi wa Machi 2016 ikaacha kuihudumia. Kilicho bure kwa hisani ya mwenyewe huondoka hisani ikiondoka. Programu huria, hata waandishi wake wote wakistaafu kesho, nakala iliyomo kwenye flashi yako ni yako.

Ushauri niliompa mpwa wangu, basi, ni kwamba asinunue kitu. Fedha zile aongeze kadi ya pili na diski ya nje, kwa maana faili ghafi la kamera kama yake lina megabaiti 25 hivi, na picha 1,000 ni gigabaiti 25. Kuzituma zote kwenye ghala la mtandaoni kwa bando la simu ni hasara tupu. Apige RAW na JPEG kwa pamoja. Aweke darktable, na kwa miezi mitatu asiguse zaidi ya vipimo vinne au vitano. Mwenye kuishi kwa picha, anayepokea kazi kutoka kwa wachapishaji na kurudishiana nao mafaili ya Photoshop, huyo ana sababu ya kulipa kodi ya Adobe. Mtu wa Jumamosi hana.

Nilimweleza pia namna ya kuishughulikia picha ya ukungu, na nafikiri maelezo haya yatamfaa hata mpiga picha wa Kizimkazi. Kwanza, jambo la rangi. Chini ya ukungu mwanga una ubuluu, na majani ya chai huupaka uso wa mtu ukijani kutoka chini. Apige picha moja ya kitu anachokijua kuwa ni cheupe au kijivu, kiroba cheupe kinatosha, kisha aiambie programu kwamba hiki ndicho cheupe. Rangi za picha nyingine zitafuata. Pili, ainue mwangaza mpaka ukungu uwe mweupe, lakini auache kabla haujawa karatasi tupu. Ipo chati ndogo pembeni inayoonyesha wingi wa giza na wa mwanga. Akiona mwinuko wake umegonga ukuta wa kulia, arudi nyuma. Tatu, atafute kitu kilicho karibu chenye weusi wa kweli, tuseme kitambaa cha kichwani au nywele, akishushe kidogo tu. Macho ya mtazamaji yakipata weusi mmoja wa kuaminika huukubali weupe wote uliobaki. Nne, uso aushughulikie peke yake kwa kuuzungushia mpaka, akiuongezea mwanga kwa kiasi ambacho mwenye uso angekipata kama angegeuka kuitazama mbingu, basi. Kitufe cha kuondoa ukungu akitumie kwa picha iliyopigwa kupitia kioo kichafu cha basi. Aliyekwenda Lupembe akarudi na picha isiyo na ukungu ameleta picha ya mahali pengine.

Mnamo tarehe 10 Machi 2024 mashirika makubwa ya habari duniani, AP, AFP, Reuters na Getty, yaliiondoa kwa pamoja picha ya familia ya Mke wa Mrithi wa Kiti cha Uingereza, kwa kuwa mkono wa mtoto mmoja na vitu vingine havikuungana sawasawa. Kesho yake mwenyewe aliomba radhi na kueleza kwamba yeye, kama wapiga picha wengi wa kujifurahisha, hujaribu kurekebisha mara mojamoja. Yumkini alitaka kila mtoto awe ametabasamu. Lakini kwa wakati ule watu walikuwa wanaulizana habari za afya yake, na picha iliyotolewa iwatulize ikawazidishia shaka.

Nalitaja hilo kwa ajili ya ndugu zangu watumishi wa Serikali. Leo taarifa ya ujenzi wa darasa, ya kisima, ya barabara, hupelekwa wilayani ikiwa na picha, na picha hizo hupigwa na ofisa mwenye simu, tena aghalabu huyo huyo mpenzi wa picha wa Jumamosi. Kung'arisha picha ya ukuta ni jambo dogo mpaka siku ufa ulipokuwa chini ya ule weupe. Ingefaa kila taarifa iambatane na faili la asili, lisiloguswa, na nakala yake ihifadhiwe. Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani, zinatunza picha za watu waliofariki kabla babu zetu hawajazaliwa. Je, darasa tulilolijenga mwaka 2025 litakuwa na picha mwaka 2095, au litakuwa na nakala iliyobanwa mara sita ikipita kutoka simu hadi simu?

Jambo la pili ni lugha. Mwezi wa Desemba 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa programu ya ofisi yenye vitufe vya Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Waliweza kwa sababu programu ile ilikuwa huria na haikuhitaji ruhusa ya mtu. Darktable na GIMP ziko katika hali hiyo hiyo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina walimu wa Kiswahili na walimu wa kompyuta chini ya dari moja, na BAKIZA lipo. Maneno yanayohitajika kwa kazi ya picha hayazidi mia chache, na mengi yake tunayo: mwangaza, kivuli, ukingo, tabaka, kina, wekundu, ubaridi. Mchumaji wa chai wa Lupembe na mvuvi wa Mkokotoni wana watoto wenye simu; sioni kwa nini mtoto huyo ajifunze kwanza Kiingereza ndipo aruhusiwe kujua namna ya kuufanya uso wa mama yake uonekane.

Mwezi wa Septemba mpwa wangu alirudi Lupembe akiwa na kamera iliyowekwa RAW. Ukungu ulikuwa umekwisha. Msimu wake umepita, na jua lilikuwa kali. Mama yule safari hii alivaa nguo zake za kanisani, akasimama wima kama askari kwenye gwaride, mikono imeshuka, wala hakucheka. Kijana anasema si picha nzuri, nami nimeiona na nakubaliana naye. Ile ya kwanza, ya kutokea ndani ya weupe na kapu mgongoni, ilikuwa imemzidi mbali. Aliirekebisha kwa dakika kumi, akaichapisha Njombe mjini, akampelekea. Mama aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wazima, akasema huyu ndiye, kisha akauliza kama zinaweza kupatikana nakala mbili, kwa kuwa yupo na binti Makambako.